Vuta Choki, Siyo Futa Chaki

Baba Lydia,

Ufunguo wa stoo uko juu ya redio. Lydia aanue ulezi kabla ya saa kumi.

Kigari chako cha Kiingereza nimekichukua. Ndiyo, kimewaka. Asubuhi fundi wa Mazwi alikwambia kwenye simu, "Vuta choki," yaani kile kifundo cha kuwashia injini ikiwa baridi. Wewe ukasikia "Futa chaki." Ukafuta namba zote nilizoandika kwa chaki kwenye nyaya za plagi, kisha ukazichomoa. Ulipochoka ukaniambia, "Haka kagari kana roho yake," ukaenda kunywa chai Majengo.

Gari la mwaka 1965 halina roho. Lina mpangilio: moja, tatu, nne, mbili. Umeandikwa kwenye kitabu chake, ukurasa wa kumi na tisa. Nimerudisha nyaya, nimevuta choki, basi.

Mama yangu anasubiri stendi ya Laela, nawe ulimwahidi kumleta kwa gari lisilo na paa. Viti ni viwili. ~~Panda basi utufuate.~~ Baki nyumbani. Akiuliza mkwewe yuko wapi, nitamjibu, "Anakupikia kuku." Usinifanye mwongo.

Mama Lydia