Neno la Haruni kwa Ridhiwani, Mwonja Mvinyo

Mwaka umetimia, Ridhiwani, tangu homa ya siku tatu ikutoe mikononi mwetu.

Hapa Mbwara bado unatajwa. Jirani yetu Bibi Zabibu hana tena wa kumshika mkono kupanda basi la kwenda kliniki Kibiti, na analalamika kwamba sisi wengine tuna haraka mno. Ni kweli, tuna haraka.

Kazi yako tuliijua wote, kuhudumia wageni kwenye hoteli ya watalii kando ya Rufiji, na kuonja mvinyo kabla haujafika mezani kwao, kuonja kwa kuzungusha mdomoni na kutema. Ukija likizo ulinusa hata chai ya rangi kabla ya kuinywa, ukiizungushazungusha kwenye glasi, mama akikucheka. Ukamweleza habari za mvinyo mwekundu wa Kifaransa, ule mzito: "Mwingine ni tui la pili, mama. Huu ni tui la kwanza, unajaza kinywa chote." Mama akasema astaghfirullah, na bado akacheka.

Kaka yako Haruni hakucheka. Alikuuliza, "Unatema au unameza?"

Ukamjibu, "Huwa natema, kaka. Ila siku moja nilimeza. Ulikuwa mtamu, sitakudanganya."

Ungemdanganya tu, jamani. Tangu siku hiyo Haruni hakula nawe sinia moja.

Makaburini, sheikh alipouliza watu wanamshuhudiaje marehemu, wote walisema ulikuwa mtu mwema. Haruni alisimama mstari wa mbele, kimya. Aliona akisema hivyo atamwongopea Mungu. Mama alimwona.

Ramadhani hii, wakati wa kufuturu, Haruni alijikuta anasogeza sinia upande uliozoea kukaa, kisha chakula kikamshinda. Akamwambia mama yote. Mama akamuuliza, "Nani alikukabidhi mizani, mwanangu?" Tangu hapo Haruni amekonda, na anaogopa kwamba uliusikia ukimya wake.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, alimwomba dada yako Ashura kalamu. Haya ameyaandika kwa mkono wake: "Namshuhudia mdogo wangu. Alikuwa mtu mwema. Aliniambia kweli, nami nikamwadhibu." Hatujui kama neno lililochelewa humfikia aliyekwisha kuzikwa. Tumeliacha kama lilivyo.

Unakumbukwa na mama yako Mwanaamina, mkeo Rukaya, dada yako Ashura, majirani wote, na kaka yako Haruni, aliyeomba jina lake liwe la mwisho.

Mungu akurehemu. Mioyoni mwetu hutoki.