Mgongo Wangu Uligusa Kwanza

Nyaishozi, Jumapili, Novemba 1951

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sikwenda kanisani. Mwinjilisti atadhani nimegombana naye tena. Safari hii hapana. Siwezi tu kuinama kufunga viatu.

Nina miaka arobaini na saba na nimechoka. Zimechoka mbavu, imechoka shingo, na kuna uchovu mwingine ambao siujui umekaa wapi.

Mama Yona amenoba. Ndivyo tunavyosema huku mke akifunga vitu vyake akarudi kwao. Yuko Rugu kwa baba yake tangu msimu wa kupanda maharage. Sababu kila mtu anaijua, maana niliitangaza mwenyewe barazani, nimesimama, kwa sauti kubwa: kwamba ng'ombe wa Rugu wamepita katika shamba langu na kukanyaga jasho la mkulima, na kwamba mwenye ng'ombe hao ana kundi kubwa kuliko akili zake. Mwenye ng'ombe ni baba mkwe wangu. Watu walipiga makofi.

Niliyapenda makofi yale.

Nilikwenda kumrudisha kama desturi inavyotaka, na mtungi wa rubisi nimeufunga nyuma ya baiskeli. Kaka yake, Katabazi, alinizuia uani. Shemeji huku tunaitana muramu, na muramu ana ruhusa ya kukutania mpaka ulie.

"Muramu, mdomo wako tuliusikia barazani," alisema. "Sasa tuone kiuno. Niangushe, umchukue dada. Ukianguka wewe, pombe tunakunywa na unarudi peke yako."

Wote walicheka. Yeye hakucheka sana. Alinibwaga kabla sijamaliza kuvua koti.

Mtu mwingine angeona haya akatuma wazee. Mimi nilikwenda kwa Leopoldi.

Leopoldi ni mshonaji hapa madukani. Alikuwa sajini katika vita vilivyopita na hakuachi usahau. Huko jeshini walifundishwa judo. Alinichagulia mbwago mmoja tu, akauita wa wazee, kwa kuwa hautaki nguvu. Unamshika mwenzako nguo kifuani kwa mikono miwili. Akikusukuma, humzuii. Unakaa chini karibu kabisa na miguu yake, unaweka wayo tumboni mwake, unalala chali, naye anapita juu ya kichwa chako kama gunia.

Kueleza ni rahisi. Mwili wangu ulikataa.

Jioni baada ya jioni, nyuma ya duka lake, juu ya nyasi kavu tulizotandaza, alinisukuma nami nikamsukuma. Sijawahi kusukumwa nisisukume. Mkuu wa shule alinisukuma, nikabishana naye mpaka nikaacha kazi ya ualimu. Karani wa kahawa alinisukuma nikamwandika gazetini mpaka akahamishwa. Sasa mtu ananiambia nianguke kwa hiari?

"Anguka, mzee!" Leopoldi alifoka. "Unakaa kama mtu anayechagua benchi kanisani!"

Nilianza kumweleza kwamba jambo hili lina kasoro, kwamba katika vitabu nilivyosoma hakuna jeshi lililoshinda kwa kulala chini. Alinisukuma katikati ya maelezo. Kwa kuwa nilikuwa nasema, nilisahau kujizuia. Nilikaa, nikalala, mguu ukapanda wenyewe, na sajini mzima akaruka juu yangu akatua miongoni mwa kuku wa jirani.

"Hiyo!" alipiga kelele kutoka huko, manyoya kichwani. "Hiyo hiyo!"

Jana nilikwenda Rugu.

Nilimwamkia baba mkwe shikamoo. Aliitikia marahaba huku anatazama ng'ombe wake. Katabazi alikuja kama fahali, nami nikamwacha aje. Nikashika shati, nikakaa, nikalala, wayo tumboni. Akaruka. Vifungo vya shati lake vilibaki mikononi mwangu, na mwenyewe akabaki chali kwenye samadi, macho juu, kama mtu anayehesabu mawingu. Sijaona kitu kizuri kama kile mwaka huu.

Ndipo wanawake wakapiga kelele: "Mgongo! Mgongo wake umegusa kwanza!"

Na ni kweli. Mieleka ya huku kila mtoto anaijua: mgongo wa nani umegusa udongo mwanzo, huyo ameanguka, na yanayofuata hayahesabiwi. Mimi niliyepigana mieleka utoto mzima sikulikumbuka hilo hata siku moja.

"Umeanguka," alihukumu baba mkwe.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikuwa nimeangukia jiwe, pumzi yote imekwisha, nikabaki nikipanua kinywa kama kambare aliyetupwa matopeni.

Mama Yona akatoka ndani, akasimama juu yangu, akasema mpaka akamaliza.

Kwamba maji ya kunyweshea kule bondeni yalikauka. Kwamba baba yake alikuja nyumbani kwangu kuomba njia ya kufikia maji mengine, akanikosa, na aliyempa ruhusa ya kupitisha ng'ombe ni yeye, mke wangu. Kwamba alianza kunieleza siku ile ile.

"Ulikuwa unajibu kabla sijasema, Baba Yona. Kwako hakuna anayemaliza maneno ila wewe. Ukamtukana baba yangu mbele za watu kwa jambo nililolifanya mimi. Nikirudi, nikisema, utanyamaza mpaka nimalize?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Hapana. Hicho ni kichwa cha mtu aliyekosa pumzi. Nenda nyumbani. Njoo unijibu ukiwa nayo."

Katabazi alinishika mkono mpaka kwenye baiskeli, shati wazi, ananuka samadi. "Muramu," alinong'ona, "mchezo ule utanifundisha?"

Pumzi imerudi. Tangu asubuhi nimekaa hapa kitandani natunga jibu, na ni jibu zuri. Lina haki ya mkulima ndani yake, lina historia ya malisho ya Karagwe yote, na bado nasema nusu ya hotuba yangu ilikuwa kweli. Linaanza na "Ndiyo, lakini."

Kesho nakwenda Rugu, mvua ipungue isipungue. Je, nitaweza kusema ndiyo na kuishia hapo?