Mzee Aliyekataa Kuingia Ukumbini

Dada Rehema,

Nakusalimu kutoka Kebirigo, huku baridi ikinitafuna. Dhoruba imeezua mapaa ya kijiji kizima, migomba imelala chini kama iliyofyekwa, na waliopoteza nyumba wamehamia ukumbi wa kanisa. Nilifika na mablanketi yetu nikidhani nimemaliza kazi.

Nje ya mlango nikamkuta mzee amejikunyata ukutani, mvua ikimpiga miguu. Nikamshika mkono nimwingize ndani. Akauchomoa kama nimemchoma!

"Mama, bibi ya kijana yangu ametandika godoro hapo ndani," akaniambia. "Mahali analala ni nyumba yake. Kwa mila yetu, baba haingii nyumba ya bibi ya kijana yake."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe hiyo ilikuwa siku yake ya tatu pale nje! Ndani, mke huyo wa mwanawe, mwenye kitoto kichanga, alikuwa akilia, anataka atoke yeye ili mzee apate pa kujikinga. Nikavua leso zangu zote mbili nikabaki na dera, tukazifunga kwa kamba kuzunguka godoro la mama huyo, likawa kama chumba chake peke yake. Hapo ndipo mzee akaingia, macho chini, akitetemeka mwili mzima.

Na wazee wengine wawili bado wako nje. Yale mapazia uliyoyatia kwenye gunia, nami nikayatoa nikikuuliza asiye na nyumba atayatundika wapi, yatume kesho. Hata lile la sebuleni kwangu.

Wabusu watoto. Nimekoma kukucheka.

Mdogo wako,
Saumu