Jaji Aliyekula Matanga Yako

Dada Nekesa,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo nianze na kuku. Kuku wa mama mkwe wako yuko hapa kwangu Kibomet, amefungwa kwenye mguu wa cherehani yangu, na kesi ya mwanao bado haijaisha. Ukiniuliza haya mawili yamekutanaje, nitakuambia hata mimi nimechanganyikiwa.

Unajua Neema yuko kwangu tangu tulipokuzika. Anasoma hapa Kitale, na ndoo yake ya kuogea ameiandika jina ili nisiiguse. Lakini mama mkwe wako anamtaka kwake kijijini Myanga. Wafula alikuwa mwanawe wa pekee, nawe ukamfuata mumeo kaburini, na sasa mtoto ndiye amebaki wa kuita jina la boma lile. Mimi nasema ni damu ya dada yangu. Ndipo tukafika kortini Bungoma, mimi na yeye, tukikaa mabenchi mawili kama watu wasiojuana.

Yule jaji mama aliyekuwa akitusikiliza aliugua, akapewa likizo ndefu. Tukaambiwa ataletwa jaji mstaafu amshikie nafasi kwa muda. Nikafurahi. Nikajua ni mzee mtulivu, asiye na haraka ya kupandishwa cheo. Kumbe ni yule mzee wa Sirisia!

Dada, yule mzee alikuja kukuzika. Alikuwa ameshastaafu, analima mahindi yake na kwenda matangani kama jirani yeyote. Alikula ugali wetu, akatupa udongo kaburini mwako, kisha akasimama akasema, "Huyu mtoto asing'olewe kwao." Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Matangani nani hupinga? Ungesikia vile mama mkwe wako alivyolia.

Sasa maneno yale yamevaa joho. Wakili wangu akaniambia tumkatae, mzee akiendelea na kesi nimeshapoteza mtoto. Nikasema sawa. Nikifika nyumbani nasema hapana, nitamkataaje mtu aliyekulilia? Usiku nikamwangalia Neema amelala na soksi moja, nikasema sawa tena. Hivyo hivyo hadi siku ya kesi.

Asubuhi hiyo nikamkuta mama mkwe wako kwenye geti la korti akibishana na askari. Alikuwa na kuku kwenye kikapu. Alisema hajaonana na yule mzee tangu matanga, na mtu aliyelia nawe ukikutana naye mara ya kwanza humpi mkono mtupu. Askari akamwambia hiyo ni hongo, anaweza kumshika. "Si ya kesi, mwanangu," akasema. "Ni ya matanga." Askari akaniangalia mimi nimsaidie. Ningemsaidiaje? Nilikuwa mpinzani wake! Nikajikuta nimeshika kikapu yeye akikaguliwa, na kuku akanichafua rinda la korti. Ungecheka, wewe.

Mwishowe kuku akabaki getini, sisi tukaingia. Jaji akafungua faili. Akasoma jina lako, akavua miwani, akalifunga faili.

"Mimi nilikula kwa hili boma," akasema. "Na nilisema mambo pale. Hii kesi siwezi kuisikiza."

Akaagiza mtoto abaki alipo mpaka apatikane jaji mwingine. Lini, hakuna anayejua. Wakili wangu akanipa mkono wa pongezi. Nikatoka nje nikalia hadi nikaona haya. Nilitaka jaji asiyetujua, Dada, na sasa namwogopa huyo asiyetujua. Atakusoma kwenye karatasi tu. Hatajua kwamba ulikuwa ukiimba ukipepeta maharagwe, wala kwamba ulimwita mama mkwe wako "mama" hata baada ya Wafula kufa, ulipokuwa huru kurudi kwetu. Yule mzee alikujua. Nami nilikuwa tayari kumkataa kwa sababu hiyo hiyo. Nielewe vipi?

Mama mkwe wako alinikuta nimeegemea ukuta wa korti, ameshachukua kikapu chake getini. Nilidhani atanitusi. Akaniambia kuku wa matanga akishatolewa nyumbani harudishwi, na mzee hawezi kumpokea, sasa afanye nini. Kisha akanisukumia kikapu.

"Na wewe ulimlilia," akasema. "Chukua."

Nikachukua. Hakuna mtu tangu tukuzike aliyenipa kitu kwa ajili ya kukulilia. Walimpa yeye, walimpa mtoto. Mimi nilikuwa mdogo wako tu, wa kuchota maji na kuosha sufuria.

Kuku huyu simchinji, maana Neema ameshampa blanketi. Jana alitaga yai la kwanza, na mtoto akaniambia hilo ni la Kukhu wake, bibi yake wa Myanga, tusilipike. Nimeliweka kabatini karibu na picha yako.

Nakuahidi hili, Dada. Huyo jaji mwingine akija, nitaomba Neema abaki nami, siwezi kukudanganya. Lakini akiniuliza mama mkwe wako ni mtu wa namna gani, nitamweleza habari ya kuku, hata kama itaniponza. Na Jumamosi tunaenda Myanga kupeleka yai.

Pumzika, dada yangu. Tutapita kwako kwanza.

Mdogo wako,
Nafula