Kompyuta Isiwashwe Mpaka Nirudi

Jamani, asiiguse mtu. Feni nimeipangusa kwa brashi. Skrubu nne ziko kwenye kikombe, msizimwage.

~~Kaka yenu aniombe radhi kwanza.~~

Hapana, nimefuta. Asubuhi ilipozimika katikati ya barua yangu ya kazi, nilimfokea kwamba michezo yake imeiunguza. Akaondoka bila kugusa chai. Nimeifungua, kumbe mchawi ni mimi: kile kitambaa nilichofuma cha kuikinga vumbi kimeziba feni, ikakosa hewa. Yeye alikuwa akikiondoa kila siku, nami nakirudisha huku nikimwita mchafu.

Akitangulia kufika, mpeni chai, msimuulize kitu. Kitambaa nimekiacha juu ya ndoo, tangu leo ni cha kudekia. Akione mwenyewe.

Mama