Nimelala kwa Mkwe

Sondu, Novemba 1997

Dishon, kichwa ngumu wewe!

Uliniandikia eti ni mwiko mama kulala kwa mkwewe, redio hata iseme mvua kubwa inakuja. Tena Lornah asithubutu kuiacha nyumba yako. Mimi nilimwambia mkeo, "Beba watoto, twende kwa Obiero, mume wa binti yangu, kule mlimani." Siku ya tatu mto ukaingia kwenu Nyamasaria, na nyumba yako ikabaki kuonekana paa tu. Watoto wako wako hapa wazima, wanammalizia Obiero dagaa wake wa omena. Wazee walionisema sasa wananiuliza, "Mama, redio imesemaje leo?"

Ukimgombeza Lornah utanijua. Njoo Jumamosi na jogoo, umshukuru shemeji yako kwa mdomo wako mwenyewe.

Mimi mama yako,
Dorca