Isale la Upande wa Kushoto

Jumatatu, 16 Juni 2003

Baridi. Mlima umejificha tangu wiki iliyopita. Nimejigonga tena kwenye nguzo ya kibaraza, bega la kushoto. Mama Kindness, mwenye nyumba, akacheka: mzee, hiyo nguzo ilikuwepo kabla hujapanga hapa! Kisha akaacha kucheka. Anataka nikapimwe macho. Macho yangu! Maisha yote ya kazi nimesahihisha prufu kiwanda cha uchapaji, Kitwe, na bado nasoma herufi ndogo kwa miwani ileile. Nitakwenda, basi. Angalau nitaongea na mtu.

Kutoka Kilema, kwetu, hajaja yeyote tangu Pasaka. Hata Violet, binti wa mdogo wangu Melkior, anayeuza mitumba hapa hapa mjini, soko la Memorial. Nikipita hanisalimu. Sawa. Mtu aliyekaa Zambia hadi akazika mke huko hawezi kurudi akadai salamu.

Jumatano, 18 Juni

Hospitali. Nani amekusindikiza, mzee? Nimekuja mwenyewe. Nesi akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Matone ya kupanua mboni. Kisha mashine ya picha — kidevu hapa, paji la uso pale, tazama kijitaa cha kijani. Mpiga picha anaitwa Basili. Usipepese, baba, ni kama picha ya pasipoti, ila hapa hatudai tai. Mwako! Dunia nzima ikawa zambarau.

Daktari Tabitha, mdogo kwa umri, akanionyesha kwenye kompyuta. Sikujua kwamba nyuma ya jicho kuna kitu kizuri hivyo. Duara la rangi ya chungwa, mishipa myekundu ikitawanyika kama mito ya kwetu inavyoteremka. Ndani yake, upande mmoja, doa lililopauka: hapo ndipo mshipa unapotoka kupeleka mwanga kwenye ubongo. Katikati ya doa kuna kishimo. Kila mtu anacho, akasema. Jicho la kulia, kimepanuka kiasi. La kushoto, kimekula doa karibu lote — ukingo umebaki mwembamba kama ukucha.

Presha ya jicho. Glakoma. Haiumi, na huo ndio ubaya wake.

Lakini naona! nikasema. Unaona katikati, akasema. Akauliza vidole hivi ni vingapi, mzee? Vidole gani? Sikujua kama kulikuwa na mkono.

Kilichopotea hakirudi. Nitatia matone kila siku maisha yote, kulinda kilichobaki. Nijizoeze kugeuza kichwa chote. Kisha akauliza: una ndugu wa tumbo moja? Ugonjwa huu hufuata familia. Aje apigwe picha kabla hajachelewa kama wewe.

Ninaye mmoja. Hatusemeshani.

Basi semeshaneni, akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nimerudi na picha yangu ndani ya bahasha, mwanga ukinichoma ingawa jua halikuwepo. Nilipapasa kuta.

Alhamisi, 19 Juni

Sikutoka. Matone yanawasha.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Memorial. Nikasimama mbele ya Violet kabisa, si kando. Alikuwa anakunja mashati. Akakunja mkono mmoja wa shati, kisha: shikamoo, baba mkubwa. Leo umetufahamu? Kila wiki unatupita kama magunia! Nilikuwa nakupungia mkono hadi wenzangu wananicheka, nikaacha.

Sikukuona, nikamwambia.

Na isale pia hukuliona?

Isale gani?

Akanieleza huku akikunja shati lilelile. Pasaka, nje ya kanisa, ukoo wote umesimama. Melkior alikuwa amekata isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la urithi, kwa ajili ya kile kipande changu. Kahawa ilipokosa bei aliing'oa, akajenga zizi hapo, na mimi niliporudi sikuwa na pa kuweka hata kibanda. Tulitupiana maneno mazito. Siku ile alininyooshea jani. Nikapita. Sikupunguza hata mwendo, anasema.

Niliandike hili vizuri. Kwetu isale ni jani la kuomba msamaha, na halikataliwi. Hata aliyemwaga damu ya nduguyo akija nalo, unalipokea. Mimi nimelikataa mlangoni pa kanisa, siku ya Ufufuko!

Alisimama upande gani?

Kushoto. Kwani upande una nini, baba mkubwa?

Nikatoa picha. Nikamwonyesha ukingo ule mwembamba. Sijui kama alielewa, lakini shati liliacha kukunjwa. Mpelekee mwenyewe, akasema. Mimi nikimpa karatasi yako ataiwashia moto.

Jumapili, 22 Juni

Nilidhani wamenitupa. Wao wakadhani mimi ndiye niliyewatupa.

Jumatano, 25 Juni

Nimemwomba Mama Kindness jani moja la isale kwenye ua wake. He! Mzee, umegombana na nani na wewe huna mtu? Nikasema, kumbe ninaye. Akanichagulia lisilo na tundu.

Jumamosi, 28 Juni. Kilema

Kwetu. Naandika kwa penseli, benchi la nje. Ukungu hadi migombani. Shemeji amenipa chai: Melkior yuko zizini, amesikia sauti yako, ngoja. Kisha akanong'ona. Usishangae, shemeji, siku hizi hata sisi anatupita. Kila asubuhi anajigonga kwenye mlango wa zizi kama mlevi, na pombe aliacha zamani!

Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea. Sasa siyataki tena. Nawaza macho yake tu.

Chai imepoa.

Benchi limezama kidogo, upande wa kushoto. Sikusikia hatua. Nikageuza kichwa chote — ndiye. Amezeeka. Mikono magotini, anatazama migomba. Nikamwita jina. Ndiyo, kaka, akasema. Basi.

Nimemnyooshea isale kwa mikono miwili. Hakulipokea. Hakugeuka. Nimelirudisha mapajani, juu ya picha, na penseli hii ndiyo inayonizuia nisilie mbele yake. Amekataa? Au hajaliona?

Nainuka. Nitasimama mbele yake kabisa —